Maabara ya mitandao ndani ya kompyuta moja

Anayejiandaa kwa mtihani wa CCNA, cheti cha mitandao cha kampuni ya Cisco, halazimiki kununua ruta na swichi zilizotumika, kwa kuwa kompyuta yenye RAM ya GB 8 inatosha kuendesha mashine pepe tatu (kompyuta za kuigwa ndani ya kompyuta halisi) zenye Debian, mfumo endeshi wa aina ya Linux, zisizo na mazingira ya picha, ambazo kila moja huridhika na MB 512. Mimi hutumia VirtualBox, programu ya bure ya kuendesha mashine pepe, ingawa mpangilio wake wa awali huwachanganya wengi: katika hali ya NAT, ambapo mashine pepe hutoka nje kupitia anwani ya kompyuta mwenyeji, kila mashine hupewa anwani ileile, 10.0.2.15, na mashine hizo haziwezi kuwasiliana.

Kinachofaa ni mtandao wa ndani, unaoziunganisha mashine pepe zenyewe kwa zenyewe. Mashine ya kwanza niliiweka kwenye mtandao wa 192.168.10.0/24, ya tatu kwenye mtandao wa 192.168.20.0/24, na ile ya kati, yenye kadi mbili za mtandao, ikawa ruta inayounganisha mitandao hiyo miwili baada ya kuwashwa net.ipv4.ip_forward, mpangilio wa Linux unaoiruhusu mashine kupitisha pakiti za wengine. Hapo ndipo utamu ulipo: jibu la ping, amri ya kujaribu kama mashine inafikika, likitoka kwenye ruta huja na TTL (hesabu inayopungua kila pakiti inapopita ruta) ya 64, lakini la mashine ya mbali huja na 63, kwa sababu ruta imepunguza moja njiani. Ukifuta njia ya kurudi kwenye mashine ya tatu, ping hukosa majibu, ilhali tcpdump, programu ya kutazama pakiti zinazopita, huonyesha kwamba pakiti zinaingia kama kawaida.

Amri za Cisco zenyewe, bila shaka, hazimo humo. Kwa hizo ipo Packet Tracer, programu ya Cisco ya kuiga mitandao, ambayo hupatikana bure kwa kujisajili.