Mkono wa Jamie Meder

Juzi mwanangu mkubwa alinikuta nimeinamia simu, nafuatilia matokeo ya Browns, timu ya futiboli ya Marekani ya jiji la Cleveland, Ohio. Akaniuliza, "Baba, si bora wafungwe mechi zote zilizobaki? Watapata nafasi nzuri ya kuchagua." Hesabu yake haina kosa. Katika futiboli ya Marekani, timu iliyoshika mkia ndiyo inayotangulia kuchukua vijana wanaotoka vyuoni. Nilinyamaza, kwa sababu alikuwa amenirudisha kwenye mkesha wa Krismasi wa mwaka 2016.

Miaka ile nilikuwa Cleveland peke yangu: kazi za usiku, mama watoto bado yuko Mwanza anasubiri viza. Mwenzangu wa kazini alikuwa na tiketi ya mechi ya Browns ambayo nyumbani kwake hakuna aliyeitaka, akanipa. Nikapanda basi nikaenda.

Browns walikuwa wamecheza mechi 14 msimu ule, wakafungwa zote 14. Ukiongeza zile za mwisho za 2015 unapata vipigo 17 mfululizo. Wala haikuwa mkosi tu, timu ilikuwa inajengwa upya. Uongozi mpya wa Sashi Brown na Paul DePodesta, huyu wa pili akitokea kwenye besiboli, ulikubali wachezaji wazoefu waondoke, ukawauzia Philadelphia nafasi ya pili ya kuchagua ili kujikusanyia nafasi nyingi za miaka ya mbele. Kocha Hue Jackson ndiyo kwanza ameingia. Makwotabeki, wale wanaoongoza mashambulizi na kurusha mpira, waliumia mmoja baada ya mwingine. Tuliambiwa tuwe na subira.

Uwanja uko ukingoni kabisa mwa Ziwa Erie. Mimi nimekulia kando ya ziwa na nilidhani nayajua maziwa, lakini upepo ule ulikuwa unaingia kwenye koti kama mwenye nyumba. Viti vingi vilikuwa vitupu. Kushoto kwangu alikaa mzee mmoja peke yake, na blanketi magotini. Aliniuliza ninatoka wapi, nikamwambia, naye akanieleza kwamba hapo hapo, kwenye uwanja wa zamani uliobomolewa ndipo ukajengwa huu, alikuwepo na baba yake Desemba 1964 Browns walipowafunga Baltimore 27–0 na kuchukua ubingwa. Alikuwa mtoto. Tangu siku ile hajauona mwingine. Timu ilihamishwa mwaka 1996, jiji likakaa bila timu hadi 1999 iliporudishwa, na mzee akarudi naye.

Wapinzani walikuwa San Diego Chargers. Isaiah Crowell wa Browns aliingia na mpira mara mbili kwenye eneo la mwisho la wapinzani, tukapata pointi, na robo ya mwisho tukajikuta tunaongoza 20–17. Hakuna aliyeshangilia sana. Watu wale walikwishaona timu yao ikiongoza na mwisho wake wanaujua.

Zilipobaki dakika chini ya nne, Chargers walifika karibu, wakamleta mpigaji wao, Josh Lambo. Mkwaju wa yadi 32, pointi tatu, mechi inakuwa sare. Kwa mpigaji wa kulipwa, hiyo ni kazi ya kila siku. Mzee aliivua kofia akaiweka juu ya blanketi. Wanaume wakubwa walikuwa wamefunika nyuso kwa viganja. Mimi nilikuwa nimesimama, sijui kwa nini, maana timu ile haikuwa ya kwetu na mpira wenyewe nilikuwa bado naujifunza. Mpira ukarudishwa nyuma, ukakamatwa, ukasimikwa. Kutoka katikati ya ile mijitu akachomoza Jamie Meder, namba 98, kijana wa Ohio aliyesoma Ashland, ambaye hakuna timu iliyomchagua alipomaliza chuo. Akanyoosha mkono. Mlio wa mguu tuliusikia, kisha mlio wa pili mzito zaidi, na mpira ule uliotakiwa kupaa ukaanguka chini.

Sauti iliyotoka pale sijawahi kuisikia tena. Watu walikuwa wachache, lakini ilitoka kifuani, imejaa miezi yote ile. Mzee alinishika mkono juu ya kiwiko akakaza, wala hakuniachia.

Nyuma yetu kijana mmoja akamwambia mwenzake, kwa huzuni kabisa, kwamba tukishinda leo tunaweza kupoteza nafasi ya kwanza ya kuchagua. Nilitaka kugeuka nimjibu. Sikuwa na jibu, nilikuwa na hasira tu. Mzee alikuwa anatazama uwanjani, na sijui kama alisikia.

Chargers walirudi tena. Saa inakwenda, hawana namna ya kuisimamisha, wakamwingiza Lambo mbio mbio apige kutoka yadi 45. Mpira ukapita pembeni ya mlingoti. Tukakumbatiana na watu ambao majina yao sikuyajua wala sitayajua, na kule chini wachezaji wa timu iliyoshinda mara 1 na kufungwa mara 14 wakakimbizana kama mabingwa.

Nafasi ya kwanza haikupotea. Wiki moja baadaye walifungwa na Pittsburgh 27–24 baada ya muda wa nyongeza, wakamaliza 1–15, na Aprili wakamchukua Myles Garrett. Msimu uliofuata walifungwa zote 16. Joe Thomas, mlinzi wa kwotabeki aliyekuwa hajakosa hata shambulizi moja la timu yake tangu 2007 (kila mpira unapoanzishwa huhesabiwa shambulizi moja), aliumia mkono Oktoba 2017 akiwa amefikisha mashambulizi 10,363 bila kutoka. Akastaafu bila kucheza hata mechi moja ya mtoano.

Kwa hiyo naweza kumwambia mwanangu kwamba mpango ulizaa matunda, maana Januari 2021 Browns waliingia mtoano na kuwafunga Pittsburgh 48–37, Garrett akiwemo. Siwezi kusema waliopanga walikosea. Ila mwaka unaotolewa kafara nao una watu ndani yake, na wale hawakuahidiwa mwingine. Joel Bitonio, mchezaji aliyekuwa Cleveland tangu 2014, alikosa hata ile siku ya 2016 kwa sababu ya jeraha la mguu. Alivumilia miaka yote hiyo, mtoano ukafika, na siku chache kabla ya mechi vipimo vikaonyesha ana Korona. Ile 48–37 ilichezwa bila yeye. Wiki iliyofuata alirudi, wakafungwa na Kansas City 22–17.