Alama ya kidole gumba

Jana jioni binti yangu alikuwa anasugua kile chungu cha maharage kwa jivu, akanyamaza ghafla. Kisha akaniita: "Mama, huku chini kuna kidole. Cha nani?"

Ilikuwa 2014. Dada alikuwa anaolewa Idjwi, kile kisiwa cha Ziwa Kivu, upande wa Ntambuka, nasi tulitoka Bukavu kwa boti tukiwa na vyombo na mananasi ya kutosha kulisha kijiji, kana kwamba Idjwi kuna uhaba wa mananasi. Harusi nairuka, mliokuwepo mnaijua. Ninachokumbuka ni asubuhi yake. Mwambao wa Idjwi umekatikakatika. Maji yanaingia katikati ya vilima na kutulia humo bila wimbi. Mitumbwi ya kuvua sambaza, samaki wadogo kama dagaa, ikiwa mitatu mitatu iliyounganishwa kwa miti mirefu, ilikuwa inarudi huku wavuvi wakiimba polepole. Watoto walikuwa wanaoga peke yao, maana Kivu haina mamba wala kiboko. Sisi wa Bukavu tumezaliwa juu ya ziwa hilohilo, lakini tunalitazama kama barabara ya kwenda Goma tu.

Shemeji akaniambia nyuma ya ile ghuba wanaishi Wambuti, yaani mbilikimo, wenyeji wa kwanza wa kisiwa, na wanawake wao wanafinyanga. Nikapanda.

Mama mmoja alikuwa ameketi chini, miguu ameinyoosha. Mbele yake kulikuwa na kigae cha chungu kilichovunjika, na juu ya kigae hicho chungu kipya kilikuwa kinapanda. Alisokota udongo kama kamba nene, akauzungusha, akaubana kwa kidole gumba, akaweka mwingine juu yake. Mkono wa kushoto ulisukuma kwa ndani, wa kulia ulilainisha nje kwa kipande cha kibuyu. Kila alipokichovya majini, harufu ilipanda, ile ya vumbi mvua ikianza. Halafu akachukua kikamba cha majani kilichosukwa, akakiviringisha shingoni mwa chungu kwa kiganja. Kilipopita kiliacha mistari midogomidogo, kama alama za mkeka kwenye shavu la mtu aliyeamka sasa hivi. Na muda wote huo macho yake yalikuwa kwangu, hayakuwa kwenye udongo.

Kando yake vilikuwepo vinne vilivyokwisha kuchomwa. Nikachagua kimoja. Akasema franka 3,000. Nikasema 1,500, kama ninavyosema soko la Kadutu mbele ya fungu la nyanya. Hakubishana. Alikifunga kwa majani ya mgomba, akanipa kwa mikono miwili, ndipo akasema:

"Binti yangu, siku hizi hata udongo tunaununua. Shamba lina mwenyewe. Wazazi wetu waliishi msituni kule juu, walichimba tu. Sisi walitutoa."

Hakunilaumu. Alisema kama mtu anayekueleza njia. Boti ilikuwa inapiga honi chini. Noti nilikuwa nazo, nimezifunga kwenye pindo la kikwembe, nilizihisi kabisa kiunoni. Nikasema, "Aksanti, mama," nikashuka mbio.

Bukavu nilipokifungua ndipo nilipoona alama ya kidole, chini kabisa, mahali alipokishika udongo ukiwa bado mbichi.

Mwaka 2022, mwezi wa saba, nchi yetu, Kongo, ilipata sheria ya kulinda haki za watu asilia mbilikimo. Niliposikia habari hiyo nilifurahi kwa dhati, nikapiga simu kwa dada. Nikamuuliza kama yule mama bado yupo, na kama sasa anachimba udongo bila kulipa. Dada alisema ataulizia. Sijapata jibu, nami nimeogopa kumkumbusha.

"Ni cha mama aliyekifinyanga," nilimjibu binti yangu.

Akakigeuza chungu kwenye mwanga wa mlangoni, akakitazama tena. "Ulimlipa ngapi?"

"Elfu tatu," nikasema.