Kupima nyuzi milioni 100 kwa mwanga wa leza

Deuteriamu na tritiamu, aina mbili nzito za hidrojeni, haziungani kwa kiwango cha maana mpaka plazma (gesi moto ambayo elektroni zake zimeachana na viini) ifikie nyuzi milioni 100 hivi za selsiasi. Oktoba 2023 mtambo wa muunganiko wa JET, pale Culham nchini Uingereza, ulitoa megajuli 69 kutokana na miligramu 0.2 tu za fueli, na habari hiyo ikasambaa duniani. Kisichosambaa ni swali tunaloishi nalo sisi tulio kwenye utafiti wa muunganiko wa nyuklia: joto hilo umelijuaje? Kifaa chochote utakachokitumbukiza katikati ya plazma kitayeyuka, na kabla hakijaisha kitakuwa kimeshaipoza na kuichafua plazma yenyewe.

Ndiyo maana nawashauri wanaotaka kuingia kwenye fani hii waanze na vipimo. Nadharia ni tamu, lakini namba ikiwa mbovu nadharia haina pa kusimama.

Kipimo kinachoaminiwa kuliko vyote kwa joto la elektroni ni mtawanyiko wa Thomson. Unapiga leza kupita katikati ya plazma. Iliyozoeleka ni ya Nd:YAG, yenye urefu wa wimbi wa nanomita 1064, na kila mpigo wake hubeba juli 1 au zaidi ndani ya nanosekunde 10 hivi. Elektroni hutawanya sehemu ndogo ya mwanga huo. Zinakwenda kasi kila upande, kwa hiyo mwanga unaotawanywa haubaki na urefu uleule wa wimbi, kama honi ya basi inavyobadilika sauti basi linapokukaribia na linapokupita. Plazma ikizidi kuwa moto, rangi za mwanga huo zinazidi kutanuka. Kwenye kilo-elektrovolti 1, yaani nyuzi milioni 11.6, ukitazama kwa pembe ya digrii 90 mtanuko unazidi nanomita 150. Upana wa mtanuko unakupa joto, na wingi wa mwanga unakupa msongamano wa elektroni.

Ugumu uko kwenye uchache wa mwanga wenyewe. Juli 1 ya leza hiyo ina fotoni (chembe za mwanga) zipatazo bilioni bilioni 5. Msongamano ukiwa elektroni 5×10¹⁹ kwa mita ya ujazo, katika kila sentimita 1 ya njia ya leza hutawanywa fotoni 3 tu katika kila bilioni 100. Zinabaki kama milioni 170, nazo zinatapakaa pande zote. Lenzi ikikusanya moja katika elfu, una laki moja na ushei. Ukitoa zinazopotea kwenye nyuzi za kioo, kwenye vichujio na kwenye vipokezi, unafanya kazi na elfu chache au makumi ya elfu, tena zimegawanywa kwenye chaneli kadhaa za rangi. Chaneli yenye fotoni 1,000 ina kosa la asilimia 3 hata kama kila kitu kingine ni kamili.

Na hakuna siku kila kitu kiko kamili. Plazma yenyewe inang'aa. Kwa hiyo unarekodi mwanga wake muda mfupi kabla ya leza kupita, kisha unautoa kwenye hesabu. Msumbufu zaidi ni mwanga wa leza unaodunda kwenye kuta za chombo. Ukuta mmoja tu ukirudisha chembe ya mwanga huo, unaweza kuuzidi mwanga wa elektroni mara nyingi sana. Dawa yake ni mtego mzuri wa kuimeza leza mwisho wa njia, vizuizi ndani ya mabomba inamopita, na vichujio vinavyokataa kabisa nanomita 1064. Mwanga huo ukipenya kwenye chaneli iliyo karibu na rangi ya leza, programu itadhani rangi hazikutanuka. Utasoma plazma baridi kuliko ilivyo, yenye msongamano mkubwa kuliko ilivyo.

Hitilafu ya pili ni leza kuhama. Mara nyingi leza hukaa chumba cha mbali, na boriti, yaani mwali wake, husafiri makumi ya mita ikiakisiwa na vioo. Jengo likipata joto au kioo kikilegea kidogo, boriti hutoka mbele ya nyuzi za kioo zinazoitazama. Hapa kuna dalili ninayoipenda sana: chaneli zote hupungua kwa uwiano uleule, kwa hiyo joto linabaki sahihi huku msongamano ukishuka. Ukiona msongamano umeanguka na joto halijatikisika, usikimbilie kuandika makala kuhusu fizikia mpya. Nenda kaangalie vioo. Mitambo mingine hugawa fungu la nyuzi nusu ya juu na nusu ya chini. Nusu zote mbili zikipata mwanga sawa, leza iko katikati.

Dirisha hudanganya kwa namna nyingine. Likipakwa utando na uchafu wa kutoka kwenye kuta, mara nyingi hupoteza zaidi mawimbi mafupi, na mawimbi hayo ndiyo yanayobeba habari ya plazma moto. Joto linasomeka chini taratibu, wiki hadi wiki, bila mtu kushtuka. Kwa hiyo ugezi, yaani kukilinganisha kifaa na kipimo kinachojulikana, hurudiwa. Chombo kinajazwa nitrojeni kwa shinikizo linalojulikana, leza inapigwa, na mtawanyiko wa Raman, yaani mwanga unaotawanywa na molekuli hizo ukiangukia rangi tofauti na ya leza, unakuambia mfumo mzima unapokea kiasi gani. Ugezi huu hauwezi kufanyika siku ya majaribio, maana ombwe lazima lirudishwe kwanza.

Kipimo hiki kiliwahi kubadili mwelekeo wa fani nzima. Mwaka 1968, kwenye mkutano wa Novosibirsk, kundi la mwanafizikia wa Kisovieti Lev Artsimovich lilitangaza kuwa tokamaki (mtambo wa umbo la pete unaoshika plazma kwa sumaku) ya T-3 ya Moscow imefikia nyuzi milioni 10. Wengi wa nchi za Magharibi walitia shaka, na shaka yao ilikuwa ya haki: vipimo vya wakati ule vingeweza kudanganywa na elektroni chache zilizotoroka kwa kasi kubwa. Artsimovich akawakaribisha Waingereza wa Culham waje na leza yao ya rubi. Mwaka 1969 wakapima, wakakuta ni kweli. Mwaka uliofuata watafiti wa Princeton, Marekani, walikuwa wameshaugeuza mtambo wao wa Model C kuwa tokamaki.

Mwanafunzi wa fizikia aliyeko Nairobi au Dodoma anaweza kuigusa kazi hii bila kupanda ndege. Data za MAST, mtambo uliofanya kazi Culham hadi 2013, zimewekwa wazi mtandaoni, na lugha ya programu ya Python yenye maktaba ya xarray inatosha kuzisoma. Chukua msongamano wa Thomson, ujumlishe kwenye njia ya intaferomita, kifaa kinachopima msongamano kwa kuhesabu mawimbi ya mwanga yanavyosogea yakipita kwenye plazma (njia hizo mbili hazifanani, rekebisha jometri kwanza), kisha gawanya kwa kipimo cha intaferomita na uchore uwiano huo. Uwiano ukishuka polepole kutoka jaribio moja hadi jingine, shuku vioo vya leza. Ukiruka ghafla katikati ya jaribio, intaferomita ndiyo iliyopoteza hesabu ya mawimbi.