Chiriku na mwavuli wa bodaboda

Siku ya tatu tangu nikabidhiwe farasi aitwaye Chiriku, alinimwaga chini mbele ya muuza mahindi choma. Bodaboda yenye ule mwavuli mkubwa wa rangirangi ilichomoza kwenye kona, upepo ukaupiga mwavuli ukalia pa! pa!, na Chiriku akageuka kama mlango uliosukumwa na kaskazi. Yeye aligeuka. Mimi sikugeuka. Mwenye mahindi akaja kuniinua, akanipangusa vumbi, akanipa muhindi wa bure. Dereva wa boda alikwisha kwenda zake.

Niseme kwanza mimi ni nani. Mimi ni mtu wa Lamu, na kabla ya kuwa saisi, yaani mtunza farasi, huku Karen, Nairobi, nilikulia mgongoni mwa punda. Punda wa mchanga, punda wa matofali, punda wa shogi mbili, ile mifuko ya mizigo ya ubavuni, anayekukwangua goti kwenye kuta za vichochoro. Nilidhani anayejua punda anajua farasi. Hilo ndilo kosa lililonipeleka chini. Punda akiingiwa na hofu husimama. Anapanda miguu yake minne ardhini kama nguzo, anafikiri, na hata umchape vipi hatoki mpaka amalize kufikiri. Farasi hukimbia kwanza, fikira zinafuata nyuma zikihema.

Chiriku ni jike mwekundu, miaka sita, mrefu, mwenye ngozi nyembamba hata inzi akitua bega lote linatetemeka. Alikuwa farasi wa mashindano katika uwanja wa Ngong. Jina lake la mbio ni refu na la kizungu. Chiriku nilimpa mimi, kwa sababu hatulii. Mama mwenye farasi alimnunua alipostaafu, akitaka wa kumpanda Jumapili msituni kwa raha zake. Raha haikuwepo. Kila akitoka getini alikuwa anacheza ngoma: kichwa juu, masikio huku na huku, jasho shingoni kabla hatujafika hata barabara ya murram.

Baada ya kuanguka nilimwendea mzee wa zizi, saisi aliyefanya kazi hii tangu mimi sijazaliwa. Nilitarajia aniambie habari za mwavuli. Akaniuliza, "Mwanangu, ukimfunga mkanda wa tumbo anafanyaje?"

"Ananing'ata, Mzee."

"Basi unamwuliza habari za barabara wakati yeye analia tumbo."

Daktari wa mifugo akaitwa. Alimbonyeza mgongo, akaangalia meno, akauliza anakula nini na saa ngapi, kisha akasema anashuku vidonda vya tumbo, jambo la kawaida sana kwa farasi waliotoka kwenye mbio. Nilielezwa kitu ambacho sikukijua: tumbo la farasi ni dogo kwa mwili wake, lita 8 hadi 15 tu, na linatoa asidi mchana kutwa na usiku kucha, ale asile. Limeumbwa kwa mnyama anayetafuna majani kutwa nzima. Ukimpa nafaka nyingi mara mbili kwa siku halafu ukamwacha mbele ya ukuta, asidi inakula nyama yake mwenyewe. Na akikimbia na tumbo tupu, ile asidi inarukaruka mpaka sehemu ya juu isiyo na kinga.

Akaandikiwa omeprazole, dawa ya kupunguza asidi. Nafaka ikapunguzwa, nyasi kavu zikawekwa mbele yake saa zote, na mpaka leo simtandiki kabla hajala konzi mbili za lusene, yale majani ya mifugo. Tandiko nalo lilikuwa na kesi yake. Lilitengenezwa kwa farasi mnene, na Chiriku ana ule mfupa wa juu ya mabega uliosimama kama paa la msonge. Lilikuwa linamkalia hapohapo. Nilikuwa nimeona nywele nyeupe mbili tatu mahali pale nikadhani ni urembo. Ni alama ya kubanwa. Naona aibu kuandika hivi, lakini nimeandika.

Wiki sita hatukupanda. Watu wa mazizi ya jirani walinicheka wakiniona nikimtembeza kwa kamba kama mbuzi wa sikukuu. Asubuhi tunatoka getini hatua hamsini, anakula nyasi za kando ya ua, tunarudi. Kesho hatua sitini. Mzee alikuwa na sharti moja: turudi wakati Chiriku bado ametulia, tusingoje aanze kuruka ndipo tugeuze. Nilikuwa mbishi. Kuna siku mambo yalikwenda vizuri nikasema tuongeze kidogo, tufike kwenye karakana ya mageti. Fundi akawasha mashine ya kukata chuma. Zile hatua za ziada zilitugharimu siku nne.

Nilipoanza kumpanda tena, tulitoka nyuma ya Babu. Babu ni farasi mweupe mzee aliyehasiwa, mvivu, ambaye hata gari la zimamoto likipita yeye anaangalia majani. Farasi ni mnyama wa kundi. Akiona mkubwa wake hajashtuka, naye anapunguza. Kwanza tulimfuata Babu, kisha ubavuni mwake, kisha Chiriku mbele na Babu nyuma, na kila hatua ya hizo ilichukua wiki, siyo siku.

Sasa nifike kwenye mikono yangu, maana hapa ndipo penye kiini. Kwenye mbio, farasi hufundishwa kuegemea lijamu, kile chuma cha mdomoni. Mpanda akishika hatamu kwa nguvu, farasi anaelewa: kazi imeanza, kimbia. Na mimi kila nikiona bodaboda mbele nilikuwa nakaza hatamu, nabana magoti, nashusha kichwa. Yaani nilikuwa namwambia kwa lugha anayoijua vizuri kabisa, "Haya, twende!", halafu nashangaa akienda.

Zaidi ya hayo, nilikuwa nazuia pumzi. Mama mwenye farasi ndiye aliyenisimulia utafiti wa Sweden wa mwaka 2009, wa Linda Keeling na wenzake. Waliwapa watu farasi wawaongoze au wawapande kutoka mahali pamoja hadi pengine, mara nne, huku mapigo ya moyo ya mtu na ya farasi yakipimwa. Kabla ya mara ya nne wakaambiwa kwamba safari hii mwavuli utafunguliwa farasi anapopita. Mwavuli haukufunguliwa kamwe. Lakini moyo wa mtu ulipanda, na wa farasi ukapanda pia. Mwavuli! Kati ya vitu vyote duniani, Wasweden walichagua mwavuli. Nilicheka, kisha nikanyamaza.

Tangu hapo nikiona kitu kwa mbali nasoma kaswida. Siyo kwa ajili ya Chiriku, ni kwa ajili ya kifua changu: mtu hawezi kusoma kwa sauti huku amezuia pumzi. Hatamu naziacha ziwe ndefu kiasi cha yeye kunyoosha shingo, lakini nazishika. Macho yangu nayaweka barabarani, mbele ya kile kitu. Nikikitazama mimi, anakitazama yeye.

Mwavuli wenyewe tuliuendea taratibu. Nilikubaliana na kijana wa boda wa pale kwenye kona, shilingi mia mbili kwa asubuhi. Tulianza na mwavuli peke yake, umefungwa, umelazwa uwanjani karibu na nyasi za Chiriku. Siku ya kwanza alikula kwa kujinyoosha, miguu ya nyuma imekaa tayari kuondoka. Siku ya tatu alikuwa ameukanyaga. Tukaufungua. Kisha kijana akauchomeka kwenye pikipiki, injini imezimwa, akaisukuma akienda mbali nasi, na sisi tukamfuata kwa nyuma. Hii hila ni ya mzee, na naipenda kuliko zote. Kitu kinachokukimbia hakitishi. Baada ya dakika kumi Chiriku alikuwa anaifukuza pikipiki, pua iko karibu na taa ya nyuma, masikio mbele, kama askari wa kanjo. Ndipo tukawasha injini. Ndipo, siku nyingine kabisa, pikipiki ikaja kutukabili.

Kutoka nyuma ndiko kugumu zaidi. Farasi anaona karibu pande zote kwa wakati mmoja, lakini nyuma ya mkia kabisa haoni, kwa hiyo anasikia mngurumo bila mwenyewe, kisha kitu kinamtokea ghafla pembeni mwa jicho. Siku hizi nikisikia boda nyuma, namgeuza aitazame ikija, namwacha asimame, anapuliza pua, tunaendelea. Madereva wengi wakiona nimeinua mkono hupunguza mwendo. Wengine hupiga honi. Hao nawaachia Mungu. Angalau mifuko ya plastiki iliyopigwa marufuku Agosti 2017 haitusumbui kama zamani. Wazee wa zizi husema ilikuwa inaning'inia kwenye kila ua ikipepea kama majini.

Kuna jambo moja sikubaliani na wapandaji wengi hapa. Husema ukishuka farasi anapoogopa, amekushinda, na kesho atakutisha tena ili ushuke. Mimi nashuka. Mwezi wa nne tulikutana na mkokoteni uliobeba magodoro hata msukumaji haonekani, godoro linatembea lenyewe barabarani. Nilihisi mgongo wake umekunjika chini yangu. Nikashuka, nikasimama baina yake na godoro, tukalitazama wote wawili likipita. Alikuwa anatetemeka, kisha akashusha kichwa, akalambalamba midomo. Nikapanda, tukaenda. Sikuona dalili ya mtu aliyeshinda wala aliyeshindwa, na keshoye hakudai nishuke.

Bado hajawa Babu, na sidhani atakuwa. Siku za upepo mkali wa Agosti hatutoki mbali. Akiwa kwenye joto la kutaka dume, nampanda uwanjani tu. Mwendo wa matiti, ule wa kati ya kutembea na kukimbia, ambao vijana wa huku wakinisikia nikiutaja hucheka mpaka machozi (ni Kiswahili safi, waulizeni wazee wenu), sasa anaweza kwenda nao msituni dakika ishirini hatamu zikiwa zimelegea. Shoti, yaani mbio zenyewe, tunaiweka kwa kupanda mlima, mbali na nyumbani, na kurudi ni kwa kutembea daima.

Jumamosi iliyopita tulipita kwenye ile kona. Bodaboda ikaja, mwavuli wa njano na kijani, kijana mwingine nisiyemjua, hakupunguza hata kidogo. Chiriku aliinua kichwa. Sikio moja kwa boda, moja kwangu. Mimi nilikuwa katikati ya ubeti, nikaendelea nao. Akapuliza pua, akapiga hatua moja pembeni, akasimama mbele ya jiko la mahindi.

"Leo huanguki?" akauliza mwenye mahindi.

"Leo nalipa," nikamwambia.

Nikampa hamsini yake. Muhindi nikala mimi, na Chiriku akamaliza maganda.