Kibunda Kilichofungwa kwa Singa

Simu ilinikuta soko la Mgandini nachagua nazi. Ilikuwa mwishoni mwa Agosti 2008, siku chache kabla ya mwezi mtukufu, na soko lilikuwa halipitiki. Aliyepiga ni kijana mmoja fundi baiskeli wa Ngamiani, anayejua mapenzi yangu ya sarafu za zamani. Hakusalimia hata.

"Babu ana kibunda cha senti hamsini. Hakijafunguliwa tangu kifungwe."

Nazi nikaziacha pale pale. Muuzaji aliniita mara mbili, sikugeuka.

Ili mtu aelewe kwa nini mtu mzima anaacha nazi sokoni kwa sababu ya senti, lazima nieleze kidogo hali yetu sisi tunaokusanya. Tanga hapa sarafu za kale hazijaadimika. Ukiwaambia watu kwamba unazitafuta, utaletewa. Pesa za shaba za kampuni ya Wajerumani za 1890 nimeletewa. Heller nimeletewa nyingi, zile zilizoanza 1904 wakati rupia moja ilipogawanywa kuwa heller 100, na ambazo zimetuachia neno "hela" mdomoni mpaka leo. Watu huziokota shambani wakilima, au zinapofumuliwa sakafu za nyumba za zamani. Senti za tundu za Mwingereza ndizo usiseme. Nimezikuta zikiwa washa kwenye boliti za kitanda, nimezikuta shingoni mwa watoto, na mara moja nimezikuta zikiwa chubwi za kuzamisha nyavu.

Lakini zote zimechoka. Taji la Kaiser limelika mpaka limekuwa kama jino la ng'ombe mzee. Simba wa shilingi ya Mwingereza hana tena manyoya. Kila sarafu imepita kwa muuza samaki, kwa kondakta, kwa mama wa vitumbua, ikalala kwenye pindo la kanga, ikaloa jasho, ikapigwa na upepo huu wa bahari wenye chumvi. Sarafu kwetu ni kama ule msemo wa mji wetu: waja leo, waondoka leo. Nani alikuwa na nafasi ya kuchukua senti mpya kutoka benki na kuziweka tu, asizitumie? Marekani wakusanyaji wanatafuta vibunda vilivyofungwa na benki tangu siku ile sarafu zilipotoka, sarafu 50 za senti moja kwa kibunda, au 40 za robo dola, karatasi haijachanwa. Nilikuwa nikisoma habari zao usiku na kutamani. Hapa kwetu sarafu zilitoka benki kwenye mifuko, mfuko ukafunguliwa, siku mbili tu zimetawanyika mpaka Lushoto. Shilingi zetu wenyewe za 1966, za Benki Kuu iliyofunguliwa mwezi Juni mwaka ule ule, ninazo nyingi, ila hata moja sikuwa nayo ambayo haijaguswa na mkono wa sokoni.

Na nilikuwa nimeshaumia mara moja. Miaka miwili kabla ya simu ile, mtu mmoja Dar es Salaam aliniuzia kibunda cha senti kumi za tundu, karatasi imekunjwa vizuri, sarafu ya juu inang'aa, ya chini inang'aa. Nilimlipa akiba ya miezi minne. Nilipofika nyumbani nikafungua. Mbili za mwisho ndizo zilikuwa nzuri. Za katikati zilikuwa kongwe zilizosuguliwa kwa ndimu na majivu, zimekuwa na wekundu ule mbichi, kama ufizi. Shaba ikishapakwa ndimu hairudi tena. Ule si mng'ao wa sarafu, ni ngozi iliyochunwa. Nililala vibaya siku zile, si kwa fedha tu. Mtu alikuwa amechukua sarafu 18 zenye rangi nzuri ya uzee wao na kuziharibu ili anidanganye.

Kwa hiyo nilikwenda Ngamiani moyo ukienda mbio na akili ikiuvuta nyuma.

Nyumba ilikuwa ya udongo na bati, baraza safi, mlango wa mbao wenye kitasa cha shaba. Mzee alikuwa amekaa kwenye mkeka, kanzu nyeupe, kofia ya kiua, miwani, mmoja wa mikono yake umefungwa uzi.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Karibu, kaa. Ndiye wewe wa sarafu?"

"Ndiye mimi."

Hakuwa na haraka. Kahawa ililetwa, na kashata. Akaniuliza kwetu wapi, nani mama yangu, akagundua kwamba alimfahamu mjomba wangu wa Chumbageni, na hapo ndipo akaanza kusema. Alikuwa karani wa mishahara kwenye shamba moja la mkonge upande wa Muheza. Siku ya malipo watu walikuwa mamia, foleni inaanzia ofisini mpaka karibu na korona, ile mashine ya kusindika mkonge, na ukimhesabia kila mtu senti moja moja jua litakuchwea watu wanakutazama. Basi usiku wa kuamkia malipo alikuwa anakaa na taa ya kandili, anakata lakiri ya mfuko wa benki, anahesabu senti hamsini 20, anazizungushia karatasi ya khaki, anafunga kwa singa. Shilingi kumi kamili. Asubuhi anagawa bila kuhesabu tena, na hakuna aliyewahi kurudi kulalamika. Hilo alilisema mara mbili.

Akamwita mjukuu, akaleta mkebe wa biskuti. Ndani mlikuwa na vyeti, picha za paspoti, tasbihi iliyokatika, na chini kabisa kibunda chenyewe. Kifupi, kinene, hakizidi pingili mbili za kidole gumba. Karatasi imekuwa rangi ya chai. Singa ile, nyuzi za mkonge wenyewe zilizosokotwa kwa paja, bado ilikuwa imekaza.

Upande mmoja karatasi ilikuwa imepasuka, upenyo wa ukubwa wa ukucha. Nikaomba ruhusa, nikasogea dirishani, nikakiinamisha kidogo kidogo.

Sarafu iliyotoka kwenye mashine na haijaguswa huwa na mwanga unaotembea. Chuma kikigongwa na muhuri hutiririka kuelekea ukingoni na kuacha mistari midogo isiyoonekana kwa jicho, na mistari hiyo ndiyo inayobeba mwanga. Ukiinamisha sarafu, mwanga unazunguka kama spoku za baiskeli. Ukisugua, hata kwa kitambaa laini, mistari inakufa na mwanga unasimama mahali pamoja. Hakuna ndimu wala dawa inayoweza kuirudisha. Hicho ndicho kipimo, na ndicho nilichokipuuza Dar es Salaam.

Kwenye upenyo ule niliona masikio ya sungura na nusu ya mgongo wake. Nikainamisha. Mwanga ukaingia sikioni, ukateremka mgongoni, ukapotelea chini ya karatasi. Nikarudia. Nilirudia nadhani mara kumi, na babu wa watu ananitazama tu.

Nilikuwa na shilingi elfu themanini mfukoni. Nikazitoa zote, nikaziweka juu ya mkeka.

Mzee akazitazama, kisha akanitazama mimi. "Rudisha hela zako, mwanangu. Hiki si changu."

Mjukuu akataka kusema kitu, akanyamazishwa kwa kidole.

Malipo ya kwanza kwa fedha mpya za Tanzania, akasema, watu walifurahi kwelikweli. Walikuwa wanazipindua mkononi kumtazama Mwalimu upande mmoja na sungura upande wa pili. Kijana mmoja mkata mkonge, mtu wa bara, mpole, alichukua mshahara wake, akazunguka mlango wa nyuma wa ofisi, akamrudishia karani kibunda kimoja. "Niwekee, karani. Nikikaa nacho nitakila. Nitakifuata Jumamosi." Wengi walikuwa wanafanya hivyo, ofisi ya karani ndiyo ilikuwa benki yao. Jumamosi hakuja. Wiki iliyofuata wenzake wakasema amepata habari ya msiba kwao, ameondoka na treni. Jina lake kambini lilikuwa la utani, la kweli wenzake hawakulijua. Kilichobaki ni namba ya kipande chake, yaani kadi yake ya kazi, ambayo karani aliiandika kwa penseli juu ya karatasi.

Nikakigeuza kibunda. Ilikuwepo, imefifia, tarakimu nne.

"Shamba lilipotaifishwa mwaka wa sitini na saba nikahamishwa. Nikahama nacho. Nikahamia Korogwe, nacho. Nimerudi Tanga, nacho. Kuna miaka ya themanini hapa, wewe ulikuwa mdogo, tulikosa sukari, tulikosa sabuni. Mama watoto aliniambia, si shilingi kumi tu, utairudisha. Nikamwambia nitarudisha zipi? Kanipa hizi."

Nikauliza, basi kwa nini ameniita.

"Nataka kuandika wasia. Amana lazima iandikwe. Akija mwenyewe, au mtoto wake, hawa wajukuu wampe nini? Wamwambie ina thamani gani? Shilingi kumi ya leo si kitu, watoto wataona ni takataka watatupa. Wewe unajua. Niambie."

Nimejiuliza mara nyingi ningesema nini kama asingenieleza habari ile ya msiba na treni. Nilimwambia ukweli wote. Kwamba moja moja, nzuri, nimewahi kuinunua kwa shilingi elfu tatu. Kwamba kibunda kizima kilichofungwa siku zile sijawahi kukiona, wala kumsikia aliyekiona, hivyo bei yake siwezi kuitaja. Kwamba kikifunguliwa thamani itashuka, na vidole vikigusa ndani itashuka zaidi. Kwamba asikiweke tena na tasbihi ya chuma, wala karibu na unyevu, na huo upenyo auache ulivyo, asiuzibe kwa gundi.

Alisikiliza kama mwanafunzi. Halafu akamtuma mjukuu daftari, akanipa kalamu, kwa kuwa macho yake hayakuwa yanaona mistari tena. Nikaandika alivyonisomea: kibunda kimoja, senti hamsini 20, za mwaka 1966, mali ya mwenye kipande namba hii, kimewekwa kwa karani. Akaniambia niongeze ile habari ya kutofungua. Nikaongeza. Akaniambia niandike jina langu pembeni kama shahidi, na tarehe.

Alipokipokea kibunda alikagua fundo kwa kidole gumba, polepole, kuzunguka lote, kisha akakirudisha chini ya vyeti na kuufunika mkebe. Mjukuu alinisindikiza mpaka barabarani anakokota baiskeli, hakusema neno. Nilipofika Mgandini muuza nazi alikuwa ameshafunga.