Kutoka “Nataka Kujenga” Hadi Hesabu ya Tofali

Kila mwaka unapokaribia kwisha, watu wengi ninaofahamiana nao hapa Dar es Salaam hutangaza lengo moja: mwakani lazima nijenge. Wanalisema kwa dhati, na baadhi yao wana kipato kinachotosha kuanza, lakini Desemba inayofuata huwakuta kwenye nyumba ile ile ya kupanga, wakitafuta kodi ya miezi sita ya kulipa kwa mkupuo. Sikubaliani na wanaosema kwamba watu hao ni wavivu au hawana nia. Lengo lao ni kubwa mno kiasi kwamba halina mahali pa kushikia, kwa sababu hakuna mtu anayeamka Jumamosi asubuhi akaenda kujenga nyumba nzima. Anachoweza ni kwenda kuulizia bei ya mchanga, kufuatilia kibali halmashauri au kulipia tofali mia moja.

Lengo langu mwenyewe lilianza kueleweka nilipompeleka fundi kiwanjani, huko Chanika. Nilimwonyesha ramani ya vyumba vitatu, sebule na jiko, nikitarajia anitajie gharama ya jumla. Aliitazama kwa adabu, akaikunja, kisha akauliza, “Dada, kwa mwezi unaweza kutoa shilingi ngapi bila kukopa?” Nikamjibu laki moja na nusu. Akaokota kijiti akachora chumba ardhini, mita tatu kwa mita nne. Mzunguko wa chumba hicho ni mita 14, na ukuta ukienda juu mita tatu unapata mita za mraba 42. Ukiondoa mlango na dirisha zinabaki kama 38. Kwa tofali za inchi sita alikadiria tofali kumi kwa kila mita ya mraba, zikiwamo zitakazovunjika njiani, na hapo tukapata tofali 380. Tukachukua shilingi 1,500 kuwa bei ya mfano ya tofali moja, ikaonekana kwamba laki moja na nusu hununua tofali 100 kwa mwezi, na kuta za chumba kimoja, bila kuhesabu saruji ya kujengea, mchanga wala ufundi, ni karibu miezi minne ya kipato changu cha ziada. Hesabu hiyo haikunifurahisha hata kidogo, ila kwa mara ya kwanza nilikuwa na kitu ninachoweza kukifanya mwisho wa mwezi ule ule.

Jambo la pili nililojifunza kwa fundi huyo ndilo ninaloliona la thamani zaidi, nalo ni kwamba mpango mzuri hugawanywa kwa kufuata mahali kazi inapoweza kusimama bila kuharibika. Tofali zilizokwisha kumwagiliwa na kukauka zinaweza kukaa kiwanjani muda mrefu, mradi kuna jirani mwaminifu. Msingi uliokamilika unaweza kusubiri, na boma, yaani kuta zilizosimama bila paa, nalo linaweza kusubiri, ndiyo maana pembezoni mwa mji tunaona maboma mengi yaliyoota majani ndani, ambayo wenyewe hawajakata tamaa. Saruji haisubiri, kwa kuwa inapungua nguvu kadiri inavyokaa, hasa katika unyevu wetu wa pwani. Kupaua hakusubiri pia, kwa sababu mbao zilizoachwa juu bila bati hunyeshewa, hupigwa jua na kupinda. Kwa hiyo tofali nitanunua kidogo kidogo, lakini fedha za mbao, bati na ufundi wa paa lazima zikamilike zote kabla ubao wa kwanza haujapanda. Mtu anayegawa bajeti yake kwa miezi 12 iliyo sawa, kwa sababu tu inapendeza kwenye karatasi, anaweza kujikuta amefika nusu ya paa mfuko ukiwa mtupu.

Kalenda nayo ina masharti yake. Januari, mwezi tunaopenda kuanzia malengo, ndio mwezi mbaya kuliko yote kwa mwenye watoto: sare, madaftari, michango, na ada kwa waliopeleka watoto shule binafsi. Katika mpango wangu Januari haina tofali hata moja, na kwa kuwa nimeiacha wazi makusudi, sijihesabu kuwa nimeshindwa. Masika ya Machi hadi Mei nimeyaepusha na uchimbaji wa msingi, kwani mtaro uliojaa maji hula fedha ya vibarua bila kazi kusonga. Kazi nzito ya msingi nimeipangia Julai na Agosti, kukiwa kukavu, pamoja na mtu wa kumwagilia zege kwa siku saba angalau.

Yote haya yamo kwenye daftari la kawaida, si kwenye programu ya simu, kwa sababu fundi na mimi tunalisoma pamoja. Kila ukurasa ni wa hatua moja tu, na una kitu kinachohitajika, kiasi chake, bei niliyoulizia na tarehe niliyoiulizia, kisha jina la anayehusika. Sehemu isiyo na jina la mtu huwa haifanyiki. Nimeliona hilo kwenye vikao vya harusi na kwenye vikundi vya kuweka akiba, na nyumba haina tofauti.

Mwisho wa robo ya mwaka ninapitia bei upya. Zikipanda, kuna vitu viwili vinavyoweza kubadilika, tarehe au ubora wa kazi, na nimeamua mapema kwamba kitakachosogea ni tarehe. Mama analalamika kwamba ninachelewa, nami ninamwelewa, kwa kuwa angependa kunitembelea nikiwa kwangu. Fundi amenionya hata dhidi yake yeye mwenyewe: siku fedha itakapobana, nisimruhusu mtu yeyote kunishawishi kuweka nondo za milimita 10 pale ambapo ramani imeandika 12.