Mioyo Iliyotengana

Jioni hii, katika darasa la Kiingereza ninalowafundisha watu wazima, tulifikia maneno ya kutoelewana: discord, dissonance na dissent.

Niliwaeleza kwamba yote yametoka katika Kilatini na yanaanza na kiambishi cha kutengana; la kwanza limebeba moyo, la pili limebeba sauti, na la tatu limebeba hisia na maoni.

Mama mmoja wa mstari wa mbele aliilaza kalamu juu ya daftari, akauliza taratibu: “Mwalimu, kwa hiyo maoni yanaweza kutengana na mioyo ikabaki pamoja?”

Nilimtolea mfano wa Mahakama ya Juu ya Kenya, ambayo tarehe 1 Septemba 2017 ilibatilisha uchaguzi wa rais kwa majaji 4 dhidi ya 2. Msimamo wa wale wawili waliopinga huitwa dissent, na hakuna mwanasheria anayeuita discord.

Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akapigia neno “moyo” mistari miwili, akikandamiza kalamu kwa nguvu.

Swali lile limenigusa sana.

Ndugu zangu, ni nani mmewahi kupingana naye vikali na bado mkapendana? Niandikieni, nitasoma yote.